Bakteria rafiki wa mizizi na rasta ya nyanya: kusoma dalili na kutafuta chanzo

Malalamiko huwa yanafanana. Mkulima amenunua pakiti ya unga wa bakteria, ameuchanganya kwenye udongo wa kitalu kama alivyoelekezwa dukani, miche imetoka mizuri kuliko ya msimu uliopita, na wiki kadhaa baada ya kuihamishia shambani anakuta majani ya kileleni yamekuwa madogo, kingo zake zimegeuka njano na kujikunja kwenda juu, na maua yanapukutika. Wakulima wengi wa nyanya nchini Tanzania huiita hali hiyo rasta, na hitimisho lao la kwanza ni kwamba wameuziwa unga feki. Inawezekana kweli wameuziwa. Lakini yapo maelezo mengine kadhaa yanayopaswa kuchunguzwa kabla ya hilo, na baadhi yake hayahusiani kabisa na virusi.

Mwongozo huu unahusu nyanya hasa, kwa kuwa huko ndiko malalamiko yanakotoka kwa wingi, ingawa sehemu kubwa ya yaliyomo inafaa pia kwa pilipili hoho na matango.

Bakteria hawa hufanya nini, na hawafanyi nini

Bakteria wanaozungumziwa hapa, wengi wao wakiwa wa jenasi za Bacillus na Pseudomonas, huishi juu ya mizizi na kujilisha kwa sukari na asidi zinazovuja kutoka humo. Virusi vya rasta vinakaa kwenye mishipa inayosafirisha chakula ndani ya majani na shina. Pande hizi mbili hazikutani, na kwa hiyo hakuna bakteria wa mizizini anayekwenda kukiua kirusi kilichoko jani la juu. Kinachotokea ni kwamba mmea huhisi uwepo wa bakteria kwenye mizizi yake na kuuweka ulinzi wake wote katika hali ya tahadhari, ili adui anapoingia baadaye, hata kupitia jani la kileleni, mmea ujibu upesi na kwa nguvu kuliko ambavyo ungejibu bila maandalizi hayo.

Jambo hili lilielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1991, katika majaribio yaliyofanywa kwenye mimea kama matango na maharage dhidi ya magonjwa ya ukungu na ya bakteria. Virusi vilifuata miaka michache baadaye: mwaka 1994 kwenye tumbaku, na mwaka 1996 kwenye matango na nyanya dhidi ya virusi vya batobato ya tango, ambavyo kwa kifupi huitwa CMV. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Utrecht, Uholanzi, walionyesha katika miaka hiyohiyo, wakitumia mmea wa maabara uitwao Arabidopsis, kwamba ujumbe kutoka mizizini hupitia vichocheo viwili vya mmea, asidi ya jasmoniki na gesi ya ethilini, ambayo ni njia tofauti na ile ya asidi ya salisiliki inayotumika pale mmea unapojikinga baada ya kushambuliwa na kidonda kutokea.

Maelezo hayo ya kitaalamu yana matokeo ya moja kwa moja shambani. Bakteria lazima wawe wameshika mizizi kabla virusi havijaingia, kwa sababu mmea ulioambukizwa tayari hauponi kwa kunyweshewa. Mmea unahitaji muda wa kujiandaa. Na ulinzi wenyewe hupunguza na kuchelewesha ugonjwa, haufungi mlango kabisa. Muuzaji anayesema kwamba unga wake unatibu rasta anauza kitu ambacho bakteria wa mizizi hawana uwezo wa kukifanya.

Hakikisha kwanza kwamba ni virusi

Jani la nyanya hujikunja kwa sababu nyingi. Chagua mimea kumi yenye dalili, ikague asubuhi kabla jua halijawa kali, na uangalie katika kila mmoja ni majani yapi yaliyojikunja, yamejikunja kuelekea wapi, na ukubwa wake ukoje ukilinganishwa na majani ya mmea wenye afya ulio jirani.

Rasta ya kweli husababishwa na virusi vya umanjano na kujikunja kwa majani ya nyanya, kwa kifupi TYLCV, pamoja na ndugu zake waliotambuliwa Afrika Mashariki, akiwemo mmoja aliyepewa jina la Arusha. Ugonjwa huanzia kileleni. Majani yaliyokomaa kabla ya maambukizi hubaki ya kawaida, huku yote yanayochipuka baadaye yakiwa madogo, yamejikunja kwenda juu kama kikombe, na umanjano ukiwa umekaa kwenye kingo na katikati ya mishipa. Pingili hufupika, kilele husongamana, na mmea husimama pale ulipofika. Mpaka kati ya majani mazuri ya chini na majani mabaya ya juu huonekana wazi, na mpaka huo ni kumbukumbu: unakuonyesha mmea ulikuwa na ukubwa gani virusi vilipoingia.

Ikiwa majani ya chini ndiyo yaliyojiviringa, yakawa manene na magumu huku yakibaki ya kijani, na kilele kikiwa kizuri, huo si ugonjwa wa virusi. Ni mmea unaojibu ukame, joto, maji ya kupita kiasi au upogoaji mkali, na mara nyingi mavuno yake hayapungui sana. Kosa hili la utambuzi ni la kawaida mno, na limewafanya watu wang'oe mimea ambayo ingewalipa.

Sababu nyingine ni dawa ya magugu. Dawa za aina ya 2,4-D zinazotumika kwenye mahindi na ngano huweza kupeperushwa na upepo, au kubaki ndani ya bomba la mgongoni lililooshwa kwa haraka. Dalili zake ni majani marefu membamba ambayo mishipa yake imekaa sambamba, shina na vikonyo vilivyojipinda, na jambo linalotofautisha zaidi ni kwamba mimea mingi huathirika kwa pamoja ndani ya siku chache, pamoja na maharage au maboga yaliyo pembeni. Virusi haviji hivyo. Huanza kwa mmea mmoja huku na mwingine kule. Uliza bomba hilo lilitumika kwa kazi gani mara ya mwisho. Swali hilo huwaudhi watu, lakini huokoa muda mwingi.

Utitiri wadogo wasioonekana kwa jicho tupu nao hukunja na kukakamaza kilele, hasa cha pilipili, na kukipa rangi ya kahawia inayong'aa. Lenzi ya mkononi inayokuza mara kumi au ishirini inatosha kuondoa shaka hiyo. Ukikuta majani yaliyosinyaa na kuwa kama kamba za viatu, fikiria CMV. Ukikuta madoa ya rangi ya shaba kwenye majani machanga na duara ndani ya duara kwenye matunda, fikiria virusi vya mnyauko wa madoa vinavyobebwa na vithiripi, wadudu wadogo wembamba. Tofauti hizi zina maana, kwa sababu kila kirusi kina mdudu wake, na njia ya kumzuia mdudu mmoja inaweza isimguse mwingine.

Dalili zimetokea ndani ya wiki mbili za kwanza shambani

Hapa hesabu ndiyo inayojibu. Tangu nzi mweupe, mdudu mdogo anayebeba virusi vya rasta, alipokiingiza kirusi kwenye mche hadi jani la kwanza lijikunje, kwa kawaida hupita wiki mbili hadi tatu. Mmea ulioonyesha dalili siku ya kumi baada ya kuhamishwa uliambukizwa kitaluni, na hakuna ubishi juu ya hilo. Kama bakteria walimwagwa kwa mara ya kwanza siku ya kuhamisha miche, walifika wakati mgeni asiyetakiwa amekwisha kuingia.

Nzi mweupe anahitaji kunyonya mmea mgonjwa kwa dakika 15 hadi 30 ili kuvipata virusi, kisha saa kadhaa za kuvipitisha mwilini, na baada ya hapo anaweza kuendelea kuvisambaza kwa sehemu kubwa ya maisha yake yaliyobaki. Kwa hiyo nzi wachache tu waliotoka kwenye shamba la nyanya za zamani na kuingia kitaluni wanatosha kuharibu trei nyingi. Geuza majani ya miche asubuhi na mapema, au itikise kidogo. Wakiwepo, wataruka kama majivu mepesi yaliyopulizwa.

Niliwahi kuonyeshwa kitalu kilichofunikwa kwa wavu mpya wa gharama. Upande mmoja wa wavu huo ulikuwa umeinuliwa na kuegeshwa kwenye tofali ili mpira wa maji upite, na karatasi ya njano yenye gundi iliyoning'inizwa ndani ilikuwa imejaa nzi weupe kiasi kwamba rangi yake haikuonekana vizuri. Unga wa bakteria ulikuwa umetumika sawasawa kabisa, kwa kipimo na kwa wakati. Kosa lilikuwa lile tofali.

Marekebisho ni haya: unga uchanganywe na udongo wa kitalu, au kokopiti (vumbi la makumbi ya nazi), kabla ya kusia mbegu, ili mzizi wa kwanza ukue ndani ya bakteria, kitalu kikae mbali na nyanya zilizozeeka na kiwe upande upepo unakotokea, wavu uwe wa matundu 50 kwa inchi, kwa kuwa wavu wa mbu wa kawaida humpitisha nzi mweupe, na pindo za wavu zifukiwe ardhini. Mlango wa vitambaa viwili vinavyopishana unasaidia kuliko mlango mmoja mkubwa.

Miche iliyowekewa bakteria haitofautiani kabisa na isiyowekewa

Bakteria wanaoshika mizizi vizuri, mbali na kinga, mara nyingi huufanya mche ukue upesi zaidi na mizizi yake iwe mingi. Pasipo tofauti yoyote ya mizizi wala ya urefu baada ya wiki tatu au nne, dhana ya kwanza ni kwamba bakteria hawakuwa hai, au hawakuwa wengi wa kutosha, au hawakuwa wale waliotakiwa.

Anza na lebo. Lebo ya kuaminika hutaja jina kamili la bakteria pamoja na namba au herufi za ukoo wake, kwa sababu Bacillus subtilis mmoja anaweza kuuamsha mmea na mwingine akawa anakaa tu udongoni bila faida. Hutaja idadi ya chembe hai kwa gramu au kwa mililita. Hutaja tarehe ya kuisha. Na huonyesha namba ya usajili. Nchini Tanzania viuatilifu vya kibayolojia husajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, na nchini Kenya husajiliwa na bodi ya kudhibiti viuatilifu, PCPB. Bidhaa iliyosajiliwa kama mbolea haijathibitishwa kwa ajili ya ugonjwa wowote, hata kama maneno ya kwenye pakiti yanaashiria hivyo.

Wapo pia wanaonunua kitu kingine kabisa. Unga wa bakteria wa kupakaza mbegu za soya au maharage una kazi nyingine: bakteria wake huishi kwenye vinundu vya mizizi ya mikunde na kunasa naitrojeni ya hewani, na nyanya haina vinundu vya kuwapokea. Trichoderma ni kuvu, wala si bakteria, na hutumika zaidi dhidi ya magonjwa ya ukungu wa udongoni. Hakuna ubaya wa kuvitumia kwa kazi zake, ila visihesabiwe kuwa ndivyo vinavyozuia rasta.

Kama bidhaa ni sahihi, chunguza jinsi ilivyohifadhiwa. Hapa Bacillus na Pseudomonas wanatengana. Bacillus hujifunga ndani ya spora, yaani umbo gumu linalovumilia ukavu, joto na muda, na ndiyo maana bidhaa nyingi za kibiashara zimetokana naye. Pseudomonas hana spora. Chupa ya Pseudomonas iliyokaa mchana mzima kwenye gari lililofungwa juani, au kwenye rafu ya duka lenye paa la bati, inaweza kuwa na maji yenye harufu tu. Maji ya bomba yenye klorini humdhuru Pseudomonas kwa urahisi, wakati spora za Bacillus huyavumilia kwa kiasi kikubwa. Hata hivyo kuyaacha maji kwenye ndoo iliyo wazi usiku kucha kabla ya kuchanganya ni tahadhari isiyogharimu kitu.

Chanzo kikubwa zaidi cha kifo cha bakteria ni mchanganyiko. Mtu anataka kuokoa safari moja, hivyo anatia unga wa bakteria na dawa ya ukungu yenye shaba ndani ya bomba lilelile. Shaba huua bakteria bila kuchagua rafiki na adui. Dawa zenye streptomaisini hufanya vivyo hivyo. Spora za Bacillus huweza kuvumilia shaba zikiwa zimelala, lakini zinapochipua kwenye mzizi hukutana na shaba ileile iliyobaki udongoni. Acha nafasi ya siku kadhaa kati ya kunyweshea bakteria na kumwagilia dawa yoyote ya shaba kwenye udongo, na usome lebo za bidhaa zote mbili. Udongo wa kitalu uliochomwa au kuchemshwa kwa ajili ya kuua vimelea unafaa, mradi upoe kabisa kabla unga haujatiwa.

Kinga ilionekana, kisha ikaisha

Hili ndilo lalamiko linalohitaji maelezo marefu, kwa sababu mara nyingi hakuna kilichoharibika. Bidhaa imefanya kazi kadiri inavyoweza.

Ushahidi bora ninaoufahamu wa shambani unatoka Bradenton, Florida, nchini Marekani, ambako nyanya zilizotibiwa kwa bakteria ziliachwa zikabiliane na nzi weupe wa kawaida wa eneo hilo na virusi vya batobato ya nyanya viitwavyo ToMoV, ndugu wa virusi vya rasta. Majaribio yalifanyika katika misimu mitatu: majira ya mapukutiko ya 1997, majira ya kuchipua ya 1998, na mapukutiko ya 1998. Aina tatu za Bacillus zilitumika, na kila aina ilijaribiwa kwa kupakazwa kwenye mbegu, kwa kuchanganywa kama unga kwenye udongo wa miche, na kwa njia zote mbili pamoja. Mimea ilikaguliwa siku ya 40 na siku ya 80 baada ya kuhamishwa, na mbali na kuangalia dalili, watafiti walipima kama vinasaba vya virusi vimo ndani ya mmea.

Msimu wa kwanza ulitoa matokeo mazuri: siku ya 40, mimea yote iliyokuzwa kwenye udongo wenye unga ilikuwa na ugonjwa mdogo kuliko ile isiyotibiwa na kuliko ile iliyopakazwa mbegu tu, na mavuno yaliendana na hali hiyo. Msimu wa pili baadhi ya matibabu yalipunguza dalili, lakini mavuno hayakuonyesha faida. Msimu wa tatu kinga ilikuwa ndogo au haikuwepo. Na katika misimu yote mitatu, kufikia siku ya 80 hapakuwa na tofauti yoyote kati ya mimea iliyotibiwa na isiyotibiwa.

Mkulima anayesoma matokeo hayo anaweza kukata tamaa, na ningemwelewa. Mimi huyasoma hivi: bakteria hununua wiki, na wiki hizo ni zile za mwanzo ambazo nyanya inaumizwa zaidi na rasta. Mmea ulioambukizwa kabla ya kutoa maua huweza usizae kitu cha kupeleka sokoni, wakati ule ulioambukizwa matunda yakiwa yameshika kwenye vichala vya kwanza hupoteza sehemu tu ya mavuno. Kuchelewesha maambukizi kwa mwezi mmoja kunaweza kuwa tofauti kati ya kujaza matenga na kuyarudisha matupu. Lakini ni kuchelewesha, na anayetegemea unga peke yake kwa msimu wa siku mia moja na zaidi ametegemea kisichokuwepo.

Jambo la pili la kujifunza Bradenton ni njia ya matumizi. Unga ndani ya udongo wa miche ulishinda mbegu iliyopakazwa. Ukinunua mbegu zilizopakazwa bakteria kiwandani, usidhani kwamba kitalu hakihitaji kitu zaidi.

Jambo la tatu ni shinikizo la wadudu. Pale nzi weupe wanapomiminika kutoka shamba la jirani lililozeeka, kila mmea huchomwa mara nyingi na nzi wengi wenye virusi, na ulinzi ulioamshwa huzidiwa. Ikiwa kinga yako huisha mapema kila msimu wa kiangazi na kudumu kidogo msimu wa baridi, tafuta jibu kwa nzi kabla ya kutafuta kwenye pakiti.

Ugonjwa umefuata mpaka wa shamba, au umefuata mistari

Chora ramani ya shamba kwenye karatasi na utie alama kila mmea mgonjwa. Kazi hii ya nusu saa hufundisha zaidi ya ziara tatu za kutembea na kusikitika.

Wagonjwa wakijikusanya upande mmoja, angalia kilichoko ng'ambo ya upande huo. Mara nyingi ni nyanya zilizovunwa na kuachwa bila kung'olewa. Wakati mwingine ni mnavu unaojiotea, ambao huweza kubeba virusi vya rasta bila mtu kuushuku, hasa kwa kuwa wengine wanauchuma kwa ajili ya mboga na hawataki kuusikia ukiitwa gugu. Ng'oa masalia ya nyanya mara tu mavuno yanapokwisha, na usiyaache yakauke polepole yakiwa yamesimama, maana nzi watahama siku majani yanapoanza kunyauka na watahamia kwako. Mmea mgonjwa ndani ya shamba lako lenyewe ufunikwe kwa mfuko kabla ya kung'olewa, vinginevyo unawatawanya nzi wake kwa mikono yako.

Wagonjwa wakifuata mstari, mmoja baada ya mwingine kwa mpangilio, mshukiwa ni mkono wa mtu. Virusi vya batobato ya tumbaku na ya nyanya havihitaji mdudu. Husafiri kwa vidole, visu vya kupogolea, kamba na nguo, na vinaweza kutoka hata kwenye sigara ya mfanyakazi. Dalili yake ni majani yenye mabaka ya kijani kibichi na kijani hafifu, na kingo hazina ule umanjano wa rasta. Kunawa kwa sabuni baada ya kila mstari, au kuchovya mikono kwenye maziwa ya unga yasiyo na mafuta yaliyokorogwa kwa maji, hupunguza uenezi kwa kiasi kikubwa. Ushauri wa maziwa huwachekesha wengi, lakini protini yake kweli huvizuia virusi hivyo kuambukiza.

CMV ina tabia yake. Inaweza kushambulia zaidi ya aina 1,000 za mimea, na vidukari huichukua na kuiacha kwa sekunde au dakika chache tu za kuchomachoma jani. Dawa ya wadudu humuua kidukari akiwa amekwisha kuiacha, kwa hiyo kupuliza kila wiki hakuokoi shamba. Mistari michache ya mahindi iliyopandwa mapema kuzunguka shamba husaidia, kwa sababu kidukari anayetua kwanza kwenye mahindi husafisha mdomo wake huko kabla hajafika kwenye nyanya.

Mimea imekuwa mikubwa na ya kijani sana, lakini wadudu wamezidi

Bakteria wameikuza miche vizuri, na juu yake mkulima ameongeza urea au CAN kwa kipimo kilekile cha zamani, au zaidi. Majani laini yenye naitrojeni nyingi huwavutia nzi weupe na vidukari na kuwafanya wazaane upesi. Punguza naitrojeni katika wiki za mwanzo na uigawe katika awamu ndogondogo.

Ukuaji wenyewe una swali lake la kuvutia. Mwaka 2003 watafiti walioongozwa kutoka Chuo Kikuu cha Auburn, Alabama, walichapisha majaribio ambapo nyanya zilizokuzwa na mchanganyiko wa Bacillus zilifanana kwa umbo na nyanya zisizotibiwa zilizozizidi umri kwa siku kumi, na zilistahimili CMV kuliko mimea ya rika lake. Mmea mkubwa kwa kawaida huvumilia virusi kuliko mche mdogo. Kwa hiyo sehemu ya kile tunachokiita kinga huenda ni kukomaa mapema tu, na kwa mkulima hilo lina maana ya vitendo: mche uliotibiwa uhamishwe unapofikia ukubwa wake, si unapofikisha siku zilizozoeleka, maana ukiachwa ukarefuka na kusongamana kwenye trei unapoteza faida hiyo.

Mimea imenyauka ghafla ikiwa ya kijani

Hili huzua hofu maalumu, kwa sababu mkulima aliyeambiwa kwamba amemwaga bakteria shambani huona mnyauko na kudhani ameileta nyumbani balaa kwa mikono yake. Mnyauko wa bakteria husababishwa na Ralstonia, ambaye hana undugu wa kikazi na Bacillus wa kwenye pakiti, na mara nyingi alikuwemo udongoni tangu zamani au amekuja na maji ya mfereji na miche.

Kata kipande cha shina karibu na ardhi, chenye urefu wa kidole, na ukining'inize ndani ya glasi ya maji safi bila kukitikisa. Ikiwa ni Ralstonia, ndani ya dakika chache utaona nyuzi nyeupe zikiteremka kutoka kwenye sehemu iliyokatwa, kama moshi mwembamba unaoshuka chini badala ya kupanda. Zisipoonekana, pasua shina kwa urefu na utafute rangi ya kahawia ndani, inayoashiria mnyauko wa kuvu. Mnyauko wa aina yoyote kati ya hizi mbili unahitaji mzunguko wa mazao na mbegu zinazostahimili, au miche iliyopandikizwa juu ya mashina yanayostahimili.

Jinsi ya kujua mwenyewe kama unga unakufaa

Msimu ujao, usiwekee bakteria trei zote. Gawa kila trei katikati: upande mmoja uwe na udongo uliochanganywa unga na upande mwingine uwe na udongo uleule bila unga, na weka vijiti vya rangi mbili tofauti. Ukubwa wa wavu, maji, mbolea na siku ya kusia viwe sawa. Shambani, panda mistari kwa kupishana, mmoja wa waliotibiwa na mmoja wa wasiotibiwa, ili upande ulio karibu na nzi wa jirani usipendelee kundi lolote. Mwombe mtu asiyejua maana ya rangi ahesabu mimea yenye rasta siku ya 20, ya 40 na ya 60, kwa maana jicho la aliyelipa pesa huona anachotaka kuona.

Chagua aina ya nyanya inayostahimili rasta kwa sehemu kubwa ya shamba hata unapofanya jaribio hili, na uendelee na wavu, usafi na ung'oaji kama kawaida. Pima kilo zinazouzika kutoka kila kundi, kisha gawa tofauti ya mapato kwa bei ya pakiti. Ikiwa tofauti ipo siku ya 40 lakini haifiki kwenye mizani, ongeza ulinzi dhidi ya nzi kwa kipindi kinachofuata na ujaribu mara moja tena. Ikiwa haipo hata siku ya 40 kwa misimu miwili, na kitalu chako hakina tundu wala tofali chini ya pindo la wavu, pesa hiyo inunulie wavu mwingine.